Vikapu Sita vya Nyumba Mpya

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la biolojia. Nimechana kurasa zenye mchoro wa figo. Zilizobaki ni zangu. Shule imekwisha tangu Novemba na hakuna tena mtu wa kunisahihisha, kwa hiyo nitaandika yanayotokea nyumbani mpaka tuhame. Baba amesema tutahamia nyumba mpya mvua zikiisha. Leo ndiyo zimeanza.

Naandika pia ninachokitaka, nisije nikajidanganya baadaye. Nataka chumba cha nyuma. Nyumba mpya ina vyumba viwili vya kulala. Kikubwa ni cha Baba na mke wake mpya. Cha nyuma kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na nafasi ya kitanda kimoja na meza. Hakuna aliyesema ni changu, lakini katika nyumba yetu tuko watatu tu, na wawili wana chumba.

Hapa tulipopanga nalala sebuleni tangu Mama alipofariki, miaka minane sasa. Kila asubuhi nakunja godoro na kulisimamisha nyuma ya kabati kabla watu hawajaanza kupita. Nina miaka kumi na minane na sijawahi kufunga mlango nikiwa ndani, isipokuwa wa choo.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wa Baba alikuja. Ni nesi. Walioana Januari, ila bado anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali kwa sababu hapa hapana pa kumweka. Baba anataka nimwite Mama. Mimi napanga sentensi zangu ili nisimwite chochote. Humu ndani ya daftari ni Nesi.

Kabla hajakaa aliitazama ndoo yetu ya taka. Ni ndoo ya rangi ya ukuta, mfuniko ulipotea zamani.

"Hii ndiyo moja, nyumba nzima?"

"Inatosha," Baba akasema. "Watu wenyewe wawili."

"Mimi nikiingia nyumba ya mtu naangalia kwanza anatupa wapi. Hii imeachwa wazi, nzi wanaingia kama wamealikwa."

Baba akacheka. Mimi nikaisukuma ndoo kwa mguu nyuma ya mlango, nikidhani haoni.

"Iache, Kimya, nimeshaiona," akasema. Kimya ni jina alilonipa Baba, na siku hizi hata wasionijua wananiita hivyo. "Nina kazi yako. Nyumba mpya nataka kila chumba kiwe na kikapu chake cha taka. Kipendeze na kifanye kazi. Zamu zangu hazinipi nafasi ya kuzunguka madukani. Chagua wewe."

Sijafungua mdomo, Baba akajibu. "Atafanya. Huyu maneno hapendi, lakini kazi anapenda."

Ningejibu hivyo hivyo. Ila ningependa kujibu mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Mvua kutwa.

Jumanne, 12 Machi

Nesi amemtuma Baba na orodha, imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki. Sebuleni. Jikoni. Bafuni. Chumbani kwetu. Barazani. Chumba cha nyuma. Vikapu sita.

Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitaji. Kwao ameandika "kwetu". Cha nyuma hakuandika cha nani. Labda hakujua aniandike vipi, Kimya au mwanangu.

Namchukia kidogo. Naona vikapu sita ni njia ndefu ya kutuambia sisi ni wachafu.

Alhamisi, 14 Machi

Nilikwenda kwenye nyumba mpya na futi kamba. Nimegundua kwamba huwezi kuchagua kikapu kabla ya kujua mlango unafungukia upande gani. Wa bafuni unafungukia ndani; ukiweka pipa nyuma yake, kila anayeingia atalipiga. Fundi seremala alinikuta nimepiga magoti napima pembe, akauliza kama ninapima kaburi la paka. Jibu zuri lilikuja nilipofika nyumbani.

Baba pia alikuwa kule kwenye nyumba mpya, anatazama mabati.

"Baba, chumba cha nyuma…"

"Tutaongea, mwanangu. Huoni mvua hii?"

Jumamosi, 16 Machi

Duka la vyombo karibu na stendi ni la mama mmoja anayeitwa Bi Mfuniko, kwa sababu hauzi mfuniko peke yake hata umlilie.

"Nataka kikapu cha taka," nikasema. Nilikuwa nimejizoeza njiani.

"Cha taka gani?"

"Taka za kawaida."

"Binti, mimi nina miaka ishirini dukani, sijaziona taka za kawaida. Kuna taka za maji, kuna za karatasi, kuna za aibu. Unataka cha zipi?"

Wateja wawili wakacheka. Nilitaka kukimbia, lakini nilikuwa na orodha. Nikamsomea. Akazima redio na kunisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifundisha. Cha sebuleni kisiwe na mfuniko, mgeni hajui aufungue au aombe ruhusa. Cha jikoni kiwe na ndoo nyingine ndani, ya kutolewa na kuoshwa. Cha bafuni kifunikwe na kisioneshe kilichomo. Cha barazani kiwe kizito chini, la sivyo upepo utakipeleka kwa jirani na yeye hatakirudisha.

"Na cha chumba cha kulala?"

"Inategemea nani analala," akasema.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Fundi hakupiga lipu.

Jumamosi, 23 Machi

Nesi alipata siku ya mapumziko tukaenda wote kwa Bi Mfuniko. Alijaribu mapipa ya kukanyaga moja moja, anakanyaga na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Mfuniko ukianguka kwa kishindo analirudisha pipa.

"Wodini tunakanyaga hivi mara mia kwa siku," akaniambia. "Pipa likipiga kelele, mgonjwa aliyelala ameamka."

"Mama nesi, hapa dukani hakuna aliyelala," Bi Mfuniko akasema. "Utanivunjia mali."

"Afadhali livunjike kwako kuliko kwangu."

Kwa bafuni alitaka la chuma, linang'aa. Nikamwambia, taratibu, kwamba la chuma hushika kutu chini kwenye ukingo, mahali maji ya kuoga yanapotuama, na kutu huacha duara jekundu kwenye sakafu. Niliona duara kama hilo kwenye bafu la shule. Alinigeukia. Nikafikiri nimekosea.

"Hilo sikulifikiria," akasema, na akaliweka chini pipa la chuma.

Tulichukua la plastiki, kijivu, mfuniko wa kusukuma. Njiani alinishika mkono tulipovuka mtaro. Hakuuachia haraka.

Jumapili, 31 Machi

Vitatu vimepatikana. Jikoni: la kukanyaga, lina ndoo ndani, refu la kutosha kukaa chini ya meza ya kukatia. Bafuni: lile la kijivu. Barazani: chungu kizito cha udongo, kipana mdomoni, ambacho Bi Mfuniko alikuwa anapandia maua. Ilibidi aing'oe mimea. Alinilaani akicheka.

Jumamosi, 6 Aprili

Paa linavuja juu ya sebule. Tulikinga maji kwa kila chombo, hata kikapu kipya cha sebuleni, ambacho ni cha matete na bila shaka hakikinga kitu. Nesi alinitazama nikikiweka chini ya tone kwa bidii zangu zote, na maji yakipita. Tulicheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji.

"Mama, utachafuka," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Alijifanya hakusikia, nadhani kwa ajili yangu. Nimemshukuru kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote.

Naandika hapa kwamba nilimkosea mwanzoni. Hakuwa anatusema. Ni mtu anayependa kila kitu kiwe na pa kwenda.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemuuliza Baba tena kuhusu chumba. "Tutaongea." Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Chumbani kwao nimechagua cha mbao, chembamba, kinaingia kati ya kitanda na ukuta. Kimebaki kimoja.

Nimekiacha cha mwisho makusudi. Ni cha matete kama kile cha sebuleni, ila kidogo, kina mistari miwili myeusi juu, kinaingia chini ya meza bila kugusa miguu. Taka zangu najua zitakuwa nini: karatasi, vumbi la penseli, nywele za kwenye kitana. Nilimwomba Bi Mfuniko anitunzie.

"Hiki sasa umekipenda, siyo umekipima," akasema.

Alhamisi, 18 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilikichukua kile kikapu nikampelekea Nesi hospitalini, saa ya chakula cha mchana. Alikuwa kwenye benchi nyuma ya wodi, viatu amevivua. Alikigeuza, akakisifu, akapitisha kidole kwenye ile mistari.

"Kizuri sana. Lakini kwa chumba cha nyuma hakifai, mwanangu. Ni kifupi. Nataka kirefu, kifike kiunoni, mtu asiiname. Na kisiwe cha kukanyaga, hawezi kusimama kwa mguu mmoja."

"Nani?"

"Mama yangu." Alisema kama mtu anayenikumbusha. "Nyonga yake imekataa kabisa. Amekubali kuja. Nilimbembeleza mwaka mzima. Juzi amemkabidhi mwenye nyumba funguo zake."

Kulikuwa na mfereji unapita mbele yetu umejaa maji ya mvua, na gamba la chungwa linazunguka palepale.

Akanitazama vizuri. "Baba yako si alikwambia? Nilimuuliza kabla ya yote: mtoto atalala wapi? Akasema umemwambia mwenyewe kwamba ukimaliza shule unataka kwenda kwa shangazi yako, ukamsaidie dukani. Kwamba hapa unachoka. Ndivyo?"

Nilipaswa kusema hapana. Ni neno fupi. Lakini nilimwona Baba amesimama mbele ya mwanamke huyu akisema uongo, na aibu ikanijia mimi, kana kwamba ni mimi niliyefumaniwa. Nilitaka kumfunika.

"Ndivyo," nikasema.

"Nilihuzunika kidogo," akasema. "Lakini kijana akishataka kwenda huwezi kumfunga." Akavaa viatu, akarudi wodini.

Nilirudi na kikapu kichwani kwa sababu ya mvua. Kilivuja.

Ijumaa, 19 Aprili

Baba alikuwa anakunywa chai. Nilikaa mbele yake.

"Baba, lini nilisema nataka kwenda kwa Shangazi?"

Alikoroga chai ambayo alishaikoroga. "Si nilikuuliza? Ile siku ulipokanyaga msumari, tunarudi kutoka hospitali. Nikakuuliza, unaonaje ukaenda kwa shangazi yako ukimaliza shule? Ukanyamaza. Nikajua umekubali."

"Mimi hunyamaza kila siku."

"Sasa mimi nitajuaje, mwanangu? Mtu akinyamaza, anayemlea ndiye anayemsemea. Nimekusemea maisha yako yote, hujawahi kulalamika."

Hilo ni kweli. Dukani, shuleni, kwa daktari wa meno, alinisemea. Nilikuwa nashukuru. Nilidhani ananibebea mzigo.

"Nitalala na huyo bibi," nikasema. "Nitamsaidia kuamka."

"Mgonjwa anataka utulivu."

"Basi sebuleni. Nimezoea."

Aliweka kikombe chini. Kwanza nilidhani atakasirika, ila alisema kwa upole, na ndiyo maana nakumbuka kila neno. "Nataka nianze upya, mwanangu. Nikikuona unapita na beseni ni kama namwona mama yako anapita. Nimekaa hivyo miaka minane. Utanielewa ukiwa mkubwa."

Nilitaka kumwuliza mkubwa kiasi gani. Alikwisha kusimama, anatafuta mwavuli.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 27 Aprili

Bi Mfuniko aliniona nimesimama mbele ya mapipa marefu.

"Umebadilisha mawazo?"

"Ni cha mtu mwingine."

Hakuuliza. Alishuka kwenye kiti chake, jambo ambalo sijawahi kuliona, tukatafuta pamoja. Nilisimama kwa kila kikapu nikijifanya nyonga yangu haikunji. Tulipata kimoja kirefu, cha waya uliofumwa, chepesi kutoa, mdomo umekunjwa ndani ili usimkwaruze mtu mkono. Kina miguu minne mipana, hakiyumbi hata akikishikilia. Ni kizuri kuliko vyote sita. Ningeweza kuchagua kibaya. Huyo bibi hajanikosea kitu.

Jumatano, 1 Mei

Nimemwambia Nesi ukweli. Alikuja kukagua lipu, tukabaki wawili jikoni. Nilimgeuzia mgongo, nikasema nikilitazama dirisha.

"Sikusema nataka kwenda. Baba ndiye aliyesema. Mimi nilidanganya siku ile nilipoitikia."

Nilisikia pipa la kukanyaga likifunguka na kufungwa. Alikuwa analikanyaga bila kujua.

"Kwa nini uliitikia?"

"Sijui."

"Kimya, mama yangu yuko kwa dada yangu na mizigo imefungwa. Chumba chake kina wapangaji wengine. Nimrudishe wapi?"

"Siombi umrudishe. Nilimwambia Baba naweza kulala naye. Au sebuleni."

"Basi mbona rahisi!" Akanigeuza kwa mabega, anatabasamu. "Nitaongea na baba yako leo hii."

Naandika saa kumi na moja jioni. Wako kibarazani. Nina matumaini, na nayaogopa.

Alhamisi, 2 Mei

Waliongea muda mrefu. Sauti yake ilipanda mara mbili, ya Baba haikupanda. Alipoingia macho yalikuwa mekundu, na alianza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Baba yako ameshaamua," akasema. "Sitaki nianze nyumba kwa ugomvi. Tumpe muda. Utakuwa unakuja likizo."

"Nimemaliza shule," nikasema. "Sina likizo."

Akafunika mdomo. Nilisubiri, kwa sababu palikuwa na nafasi ya kusema mengi.

Sidhani ni mtu mbaya. Amepima akaona kitu gani kinaingia na kipi hakiingii. Lakini jina lake humu linarudi kuwa Nesi.

Jumapili, 12 Mei

Mvua zimepungua. Wamehamia jana. Mama yake Nesi aliingia akishikiliwa pande mbili, ni mdogo kama mtoto wa darasa la tatu. Alitupa maganda ya vidonge kwenye kikapu bila kuinama, akasema, "Aliyechagua hiki ana akili." Nesi akatoka nje. Baba akasema, "Huyu hapa, Kimya wetu," akiniwekea mkono kichwani.

Nimelala sebuleni kwao usiku mmoja, karibu na kikapu cha matete. Ni cha kupendeza. Hata gizani kinaonekana.

Jumamosi, 18 Mei

Nimefunga nguo. Begi halikujaa.

Jumamosi, 25 Mei

Mimi na Baba tulisafiri na gari la kazini kwake, muda wa saa tano barabarani. Alizungumza juu ya mashimo, madaraja, na bei ya mabati. Tulipokaribia akapunguza mwendo.

"Shangazi yako atakuuliza. Mwambie ulitaka mwenyewe. Asije akadhani tumegombana."

Nikanyamaza. Niliona bega lake likishuka. Alijua nimekubali.

Shangazi alitufungulia mlango na kunikumbatia mpaka khanga yake ikadondoka. "Mwanangu! Baba yako kanipigia, anasema umelia siku tatu unataka kuja kwangu! Mimi nikasema, mtoto aliyenililia hivi, nitamweka hata juu ya kabati."

Baba alikuwa nyuma yangu. Alikwisha kuvuta pumzi ili anijibie.

"Sikulia, Shangazi," nikasema. "Wala sikuomba. Baba amejenga nyumba ya vyumba viwili, na hakutaka niwe ndani yake. Sebuleni pia hakutaka. Nimekuja kwa sababu amenileta."

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika.

Shangazi aliokota khanga taratibu. "Kaka? Ndivyo?"

"Huyu siku hizi ameanza maneno," Baba akasema, akacheka. Alicheka peke yake, na aliposikia hivyo akaacha.

"Nimekuuliza, ndivyo?"

Alitazama juu. Akasema mvua imekatika, afadhali arudi kabla giza halijaingia, barabara ile si nzuri. Shangazi hakumkaribisha chai. Alichukua begi langu akaingia nalo ndani, akamwacha mlangoni.

Baba alinyoosha mkono kuniwekea kichwani, kama anavyofanya akiaga. Nikarudisha kichwa nyuma, kidogo tu, kiasi cha yeye kuona. Mkono ukabaki hewani. Kisha akauingiza mfukoni na kuanza kutafuta funguo za gari, ambazo alikuwa amezishika mkono wa pili.